Moduli ya mafunzo imegoma kwenye SharePoint: dalili, chanzo na pa kuanzia

Moduli uliyotengeneza kwa programu ya kuandaa masomo ya kompyuta kama Storyline, Rise, Captivate au iSpring, ukiitazama kwa nje unaona kitu kimoja. Fungua folda yake utakuta story.html au index.html imekaa mbele, na nyuma yake kuna mamia ya mafaili madogo: picha, sauti, fonti, na skripti, yaani amri ambazo kivinjari huziendesha. Ni kaya nzima inayohama na vyombo vyake. SharePoint, hifadhi ya mafaili ya Microsoft, ilijengwa kutunza nyaraka: barua, bajeti, ripoti. Huhesabu kila faili peke yake, kila faili linaweza kuwa na ruhusa zake, na faili lolote linalotaka kuendesha skripti hutiliwa shaka. Matatizo karibu yote yaliyo hapa chini yanazaliwa hapo.

Nimeyapanga kwa dalili kwa sababu ndivyo watu wanavyoniletea. Hakuna anayepiga simu kusema ruhusa za folda zimekatika, anasema, "Kwangu inafunguka, kwa wenzangu hapana." Chini ya kila dalili, chanzo kinachojitokeza mara nyingi kinatangulia.

Kabla ya kugusa chochote

Weka kando nakala safi ya folda nzima kama ilivyotoka kwenye programu ya kutengenezea. Kisha fungua moduli kwa kivinjari kingine, halafu kwenye dirisha la faragha, halafu mwombe mwenzako mmoja wa kawaida aifungue kwa akaunti yake. Awe mtu asiye msimamizi na asiyekuwemo kwenye timu yako. Matokeo ya majaribio hayo matatu yatakuonyesha dalili yako ni ipi.

Usijipime kwa kubofya story.html kwenye diski ya kompyuta yako. Vivinjari huyabana mafaili yanayosomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa hiyo moduli isiyo na kasoro inaweza kugoma mezani kwako na ikaenda vizuri ikiwa kwenye seva. Anayetumia Storyline au Rise aipakie kwanza Review 360, huduma ya mtandaoni ya watengenezaji wa programu hizo ya kukagulia masomo. Ikifunguka vizuri huko, moduli ni nzima na kosa litafutwe kwenye hifadhi.

Dalili: ukibofya, faili linapakuliwa, au unaonyeshwa misimbo badala ya somo

Hii ndiyo inayoongoza. Chanzo cha kwanza ni kwamba faili la kuanzia ni .html. SharePoint ya mtandaoni haiendeshi .html iliyo ndani ya maktaba ya nyaraka. Hukupa uipakue au hukuonyesha maandishi yake. Teams hufanya vilevile kwa sababu mafaili ya timu yanakaa SharePoint. Huo ni ulinzi, na una maana: kama mtu yeyote angeweza kupakia ukurasa wenye skripti, skripti hiyo ingeendeshwa kwa jina la kila anayeufungua, na ingesoma nyaraka ambazo mfunguaji ana haki ya kuzisoma.

Njia inayotumiwa na wengi ni kulibadilisha jina faili la kuanzia, story.html liwe story.aspx, kisha kuipakia folda nzima. Fanya hivyo kwenye kompyuta yako kabla ya kupakia. Hapa kuna mtego ambao nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha faili, yaani herufi za mwisho wa jina baada ya nukta. Unaandika story.aspx, unaona story.aspx, kumbe jina kamili ni story.aspx.html. Washa kwanza uonyeshaji wa viendelezi kwenye File Explorer, ndipo ubadilishe.

Baada ya hapo, tafuta ndani ya moduli sehemu nyingine zinazoita faili la .html, kwa mfano ukurasa uliopachikwa katikati ya somo au kiungo cha kufungua moduli ya pili. Ukibadilisha mlango wa mbele peke yake, mshiriki atafika slaidi ya saba na faili litaanza kupakuliwa hapohapo.

Chanzo cha pili ni kwamba tovuti yenu ndani ya SharePoint haijaruhusiwa skripti maalumu (custom script). Utakijua kwa sababu kupakia .aspx kunakataliwa, hata kama wewe ni mmiliki wa tovuti hiyo. Ruhusa hii huwashwa na msimamizi wa mfumo kwa amri ya PowerShell, na tangu mwaka 2024 Microsoft wameibana zaidi: msimamizi akiiwasha, hujizima yenyewe ndani ya saa 24. Ndiyo maana mtu anasema, "Jana nilipakia bila shida, leo inakataa." Mafaili yaliyopakiwa wakati ruhusa iko wazi huendelea kufunguka, ila siku ya kusahihisha moduli lazima msimamizi awashe upya. Panga marekebisho yako yaingie kwa mkupuo mmoja.

Cha tatu ni chepesi: umepakia zipu. SharePoint haifungui zipu ikawa folda inayoendeshwa. Ifungue kwako, upakie folda yenyewe.

Cha nne ni simu. App za SharePoint na OneDrive hulichukulia faili kama waraka wa kupakua. Mwambie mshiriki afungue linki kwenye kivinjari cha simu.

*Simama hapa.* Kama suluhisho linaloonekana ni kuwasha skripti kwenye tovuti kuu ya ofisi, ile yenye nyaraka za watumishi au za fedha, acha. Omba msimamizi akutengenezee tovuti ndogo ya mafunzo peke yake, wahariri wawe wawili au watatu, wengine wote wasome tu. Tovuti ambayo skripti zinaruhusiwa na kila mtu anaweza kuhariri ni hatari ya kweli, na uamuzi wa kuifungua si wa mwandaaji wa mafunzo.

Kwa wanaofikiria kukimbilia kwingine: Google Drive iliwahi kuonyesha kurasa za wavuti kutoka kwenye folda zake, huduma hiyo ikafungwa tarehe 31 Agosti 2016. Kuhamishia moduli huko hakutakusaidia.

Dalili: "Kwangu inafunguka, kwa wenzangu haifunguki"

Anza na linki uliyotuma. Uliponyoosha mkono kwenye kitufe cha kushiriki ukachukua linki ya story.aspx, uliwapa watu faili hilo moja. Mamia ya mafaili yaliyo nyuma yake hawakupewa. Wataona fremu ya somo bila picha, au skrini tupu kabisa. Dawa ni kutoa ruhusa ya kusoma kwenye folda nzima, au bora zaidi kwenye maktaba nzima, kwa kundi la washiriki, kisha kuwatumia anwani ya kawaida ya faili la kuanzia, ile isiyobeba ruhusa ndani yake.

Likishindikana hilo, uliza kama maktaba inadai faili litolewe na kurudishwa (check out na check in) kabla wengine hawajaliona. Kwenye maktaba ya namna hiyo kila faili unalopakia hubaki mikononi mwako, na dunia nyingine hailioni mpaka ulirudishe. Wewe unaona vyote, kwa hiyo utaapa kwamba kila kitu kipo. Tazama orodha ya mafaili: kialama kidogo cha mshale kando ya jina ndicho kinachokuambia. Chagua yote, uyarudishe kwa pamoja, kisha mwombe mwenye maktaba aizime kanuni hiyo kwa ajili ya moduli.

Idhini nayo ina tabia ileile. Maktaba inayotaka kila faili lipitishwe na mkubwa kabla ya kuonekana itayaacha mafaili mia sita yakisubiri, na hakuna mkubwa atakayekaa kuyapitisha mojamoja. Maktaba ya mafunzo isiwe na kanuni hii.

Mwisho kabisa, folda ndogo inaweza kuwa imekatiwa urithi wa ruhusa, yaani ina orodha yake yenyewe ya wanaoruhusiwa. Hutokea kwenye folda zilizohamishwa kutoka mahali pengine. Rudisha urithi.

Dalili: skrini nyeupe, au kiduara kinazunguka bila kukoma, kwa kila mtu

Bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, kisha pakia ukurasa upya. Usiogope wingi wa mistari. Tafuta myekundu tu na utazame namba.

404 maana yake faili halikupatikana kwenye anwani hiyo. Mara nyingi upakiaji ulikatika katikati, na hilo kwenye mtandao wetu ni la kila siku. Hesabu mafaili ya folda kwenye kompyuta yako, kisha hesabu yaliyofika. Yakipungua, futa yote na upakie upya. Ukiona ni yaleyale yanayokosekana kila mara, angalia urefu wa njia: SharePoint ya mtandaoni inaruhusu herufi 400 kwa njia nzima ya folda pamoja na jina la faili. Mtu anayeweka moduli ndani ya "Idara ya Rasilimali Watu / Mafunzo / Mwaka wa fedha / Robo ya pili / Usalama mahali pa kazi / Toleo la mwisho kabisa" anaila nafasi hiyo haraka. Windows nayo kwa kawaida hukwama kwenye herufi 260, kwa hiyo mafaili yanaweza kuwa yalipotea mapema, wakati wa kufungua zipu. Weka moduli karibu na mzizi wa maktaba, jina la folda liwe fupi na bila nafasi: usalama01 inatosha.

403 ni ruhusa. Rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Hakuna mstari mwekundu na bado skrini ni nyeupe? Fungua kichupo cha Console. Ujumbe wa skripti iliyozuiwa ukitokea, chanzo kinaweza kuwa programu ya kuzuia matangazo, ulinzi wa kompyuta za ofisi, au moduli inayoita fonti na video kutoka tovuti ya nje ambayo mtandao wa ofisi umeifunga. Ukiona ni ulinzi wa ofisi, usiuzime wala usimwelekeze mshiriki kuuzima. Piga picha ya skrini umpelekee mtu wa TEHAMA.

Dalili: sauti haitoki kwenye slaidi ya kwanza

Tangu mwaka 2018 Chrome huzuia sauti inayojianzisha yenyewe kabla mtumiaji hajagusa ukurasa, na vivinjari vingine vina zuio la namna hiyo. Weka slaidi ya kwanza yenye kitufe cha "Anza". Mguso huo mmoja unatosha. Ikiwa sauti haitoki hata kwenye slaidi zinazofuata, kagua kama kichupo hakijanyamazishwa, kisha tafuta 404 ya faili la .mp3.

Dalili: mtu amemaliza somo, lakini hakuna rekodi yake popote

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu makosa mengine yanapoteza muda na hili linaweza kuumiza watu.

Moduli nyingi hutolewa kwa mfumo wa SCORM. Huo ni utaratibu uliotungwa na mpango wa ADL ulio chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo la 1.2, la mwaka 2001, bado ndilo linalotumika sana. Utalitambua kwa faili la imsmanifest.xml ndani ya folda. Somo la SCORM likifunguka humtafuta mwenyeji wake, yaani mfumo wa kuendeshea mafunzo ambao kwa kawaida tunauita LMS. Linautafuta kwenye dirisha lililolifungua, kwa jina maalumu: API kwa toleo la 1.2, API_1484_11 kwa SCORM 2004. Likimpata, linamkabidhi alama, muda na hali ya kumaliza. Kwenye SharePoint hakuna mwenyeji huyo. Somo litaita, hakuna atakayeitika, na pengine utaona ujumbe kwamba API ya LMS haikupatikana na matokeo huenda yasihifadhiwe. Moduli nyingine hazisemi lolote. Mshiriki anaona "Hongera, umefaulu", anafunga kompyuta, na alama zake zinapotea naye.

Niliitwa siku moja mahali ambapo mafunzo ya kuzima moto na kutoka kwenye jengo yalikuwa yamewekwa hivi kwa miezi kadhaa. Msimamizi wa zamu aliamini kila mfanyakazi wa ghala amefundishwa, maana kila mmoja alisema amemaliza na wote walikuwa wakweli. Mkaguzi alipoomba ushahidi hapakuwa na hata mstari mmoja. Waliwarudisha watu wote darasani, na ninashukuru kwamba aliyegundua alikuwa mkaguzi badala ya moto.

Kwa hiyo jiulize kwanza: je, unahitaji ushahidi? Kama somo ni la kujikumbusha tu, mfano namna ya kujaza fomu ya likizo, chapisha kwa mfumo wa wavuti, usitumie SCORM, na ujumbe wa kosa utaondoka.

Kama unahitaji kujua nani kapita lakini hakuna anayekudai kisheria, weka jaribio la Microsoft Forms mwisho wa somo, ukiliwekea sharti la watu wa taasisi yako pekee na kurekodi majina. Kumbuka tu linachothibitisha: kwamba mtu amejibu maswali. Halisemi kama alipitia slaidi. Na jedwali la majibu lisikae kwenye folda ileile waliyofunguliwa washiriki wote. Alama za mfanyakazi ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

*Simama kabisa* kama mafunzo yanahusu usalama wa maisha, dawa, umeme, mitambo, fedha za watu, au jambo lolote ambalo mkaguzi atadai uthibitisho. SharePoint pekee haitoshi, na hakuna ujanja wa kubadilisha majina ya mafaili utakaoifanya itoshe. Tafuta LMS. Moodle ni programu huria, ipo tangu 2002, na vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia, kwa hiyo mafundi wanaoijua wapo. Utakapoitolea moduli chagua SCORM 1.2, maana Moodle haikubali SCORM 2004 kikamilifu. Na kwa moduli ndefu jua kwamba toleo la 1.2 limeweka kikomo cha herufi 4,096 kwa kumbukumbu ya mahali mtu alipoishia. Somo lenye slaidi nyingi sana linaweza kuijaza, na mshiriki akirudi akaanza upya. Ligawe mapema.

Dalili: mtu amerudi, somo limeanza mwanzo; au mwingine amefungua kwa mara ya kwanza akajikuta katikati

Zote mbili zina asili moja. Bila LMS, moduli huandika kumbukumbu yake ndani ya kivinjari cha kompyuta ile. Ukihamia kompyuta nyingine, kumbukumbu haikufuati. Kwenye kompyuta ya pamoja ya mapokezi au ya zamu, anayekaa baada yako anarithi nafasi yako, pamoja na majibu yako. Kwa kompyuta za pamoja, kwenye mpangilio wa Storyline chagua ianze mwanzo kila mara, au kila mtu aingie Windows kwa akaunti yake mwenyewe.

Dalili: umesahihisha, wao bado wanaona toleo la zamani

Kwanza kache, yaani nakala ya zamani iliyotunzwa na kivinjari: bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Kisha linki ya zamani iliyobaki kwenye barua pepe. Kisha kupakia juu ya folda ya zamani, ambako mafaili mapya huchanganyika na masalia. Mimi hupakia kwenye folda mpya, usalama02, ninabadilisha kitufe kwenye ukurasa wa mafunzo kielekee huko, na folda ya zamani naifuta baada ya wiki.

Dalili: makao makuu inaenda, matawini inakatakata

Piga hesabu kabla ya kumlaumu mtu. Video ya MB 90 kwenye laini ya Mbps 2 inachukua dakika sita kufika, hiyo ni kama laini ni ya mtu mmoja. Watu kumi wakiifungua Jumatatu asubuhi, ni saa nzima. Video iliyo ndani ya moduli haijipunguzi ubora kulingana na mtandao. Inakuja kama ulivyoiweka. Punguza hadi 720p au chini yake, badilisha sura ya msemaji iwe picha na sauti, na upange matawi kwa siku tofauti. Tawi likibaki vilevile baada ya hapo, anayehitajika ni fundi wa mtandao wa tawi.

Dalili: somo la zamani linaonyesha kisanduku cheusi au linadai Flash

Flash, teknolojia ya Adobe ya kuonyesha vibonzo na video kwenye kivinjari, ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 Adobe walizuia maudhui yake yasiendeshwe. Tafuta faili la asili, kwa mfano lile lenye kiendelezi .story, ulitoe upya kwa HTML5. Kama faili la asili limepotea, somo lijengwe upya. Usipakue "Flash Player" kutoka tovuti yoyote inayoitoa leo. Wengi huingiza virusi ofisini kwa mlango huo.

Ukimwita mtaalamu, mpelekee haya

Anwani kamili ya faili la kuanzia. Jina la programu iliyotengeneza moduli na mfumo ulioutoa, wavuti au SCORM. Picha ya kichupo cha Network ikionyesha mistari myekundu. Akaunti moja ambayo inafungua na moja ambayo haifungui. Saa uliyojaribu. Na andika wazi kama mafunzo haya yana mkaguzi anayeyasubiri na ni tarehe gani, ili ajue mapema kama kazi aliyoitiwa ni ya kurekebisha ruhusa au ya kuhamisha mafunzo yote.